Maumivu yamekwisha, kwa nini nitolewe mfuko wa nyongo?

BARUA

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41. Karibu mwaka mzima nilikuwa nikisumbuliwa na maumivu ya chembe cha moyo. Yalikuwa yakinijia zaidi usiku, saa moja au mbili baada ya kula, yanabana hadi nakosa pa kukaa, halafu yanaachia yenyewe kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Nilipokwenda kutibiwa niliambiwa ni vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za kupunguza asidi. Nilizimeza kwa miezi, na maumivu yakawa yanakuja na kuondoka vilevile.

Wiki tatu zilizopita yalikuja na safari hii hayakuachia. Yalianza usiku kwenye chembe, kufika alfajiri yalikuwa yamehamia kulia chini ya mbavu na yanapenya mpaka mgongoni, chini ya bega. Nikatapika, nikapata homa na kutetemeka. Hospitali, daktari aliniwekea vidole chini ya mbavu za kulia akaniambia nivute pumzi ndefu. Ile pumzi sikuweza kuimaliza. Ultrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, moja limenasa shingoni mwa mfuko, na mfuko wenyewe umevimba. Nikalazwa, nikatundikiwa dripu, nikachomwa sindano za antibiotiki, na baada ya siku chache nikaruhusiwa. Nimeambiwa nirudi zikitimia wiki sita nitolewe mfuko wa nyongo.

Shida yangu ni kwamba sasa sina maumivu yoyote. Mume wangu anauliza kwa nini mtu akatwe kiungo wakati amepona. Shoga yangu ananisihi nijaribu kwanza kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau. Yeye alikunywa akatoa mawe mengi ya kijani. Na mdogo wangu, baada ya kuona yaliyonipata, naye alikwenda kupima akakutwa na mawe ingawa hajawahi kuumwa hata siku moja. Tangu hapo hana raha. Je, na yeye akatwe? Na mimi nikitolewa huo mfuko nitaishije?

Mama mwenye mashaka

JIBU

Marahaba, na pole kwa yote yaliyokupata. Kwa kuwa tarehe yako haiko mbali, jibu nalitanguliza: usifute miadi ya upasuaji. Maumivu yamekwisha kwa sababu uvimbe umetulia. Jiwe lililouleta bado limo ndani, na njia ambayo lilipita kwenda kunasa iko vilevile.

Ukielewa mwaka wako uliopita ulikuwa nini, mengine yatafuata. Ini hutengeneza nyongo kutwa kucha, kiasi kisichopungua nusu lita kwa siku na mara nyingine hufika lita nzima. Mfuko wa nyongo, uliojibana chini ya ini upande wa kulia, hauitengenezi. Huihifadhi tu na kuifyonza maji ili iwe nzito. Ni mfuko mdogo, huchukua mililita 30 hadi 50. Ukila, hasa chakula chenye mafuta, mfuko hujikamua na kuimwaga nyongo kwenye utumbo mwembamba. Sasa mfuko wenye mawe ukijikamua, jiwe husukumwa hadi shingoni likaziba. Mfuko unazidi kujibana dhidi ya kizuizi, na hapo ndipo wewe unapolala huku umejikunja kwa maumivu. Baada ya muda jiwe hurudi ndani na maumivu yanakatika. Kwa kawaida kipindi kimoja huchukua nusu saa hadi saa chache. Kikipita saa sita hakijaachia, na homa ikaingia, hiyo si ile hali ya jiwe kuziba na kuachia tena. Mfuko umeanza kuvimba.

Kuhusu vidonda vya tumbo: mfuko wa nyongo na tumbo la chakula hupeleka maumivu yake kwenye chembe ileile, kwa hiyo kuchanganya kupo na hakuna aliyekusudia kukuumiza. Lakini hili nalisema kwa mkazo kwa kila anayesoma hapa. Maumivu makali yanayokuja kwa vipindi, yakaachia kabisa, yakarudi baada ya mlo au usiku wa manane, na dawa za asidi hazijayabadilisha baada ya wiki kadhaa, yanadai ultrasaundi ya tumbo. Ni kipimo kisichochoma wala kuumiza. Mtu asimeze vidonge mwaka mzima kwa ugonjwa ambao hajapimwa.

Ile pumzi iliyokatika katikati ni kipimo chenye jina lake. Kinaitwa alama ya Murphy, kwa heshima ya John Benjamin Murphy, daktari mpasuaji wa Chicago aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Ukivuta pumzi, kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinashuka na kulisukuma ini chini, na ini linashuka na mfuko wake. Mfuko uliovimba unagonga vidole vya daktari, na mgonjwa anasitisha pumzi kabla hajaamua kusitisha. Daktari makini hurudia upande wa kushoto. Huko pumzi inapaswa kwenda hadi mwisho. Ila kipimo hiki humkosa mzee. Mtu wa miaka 80, au mwenye kisukari cha siku nyingi, anaweza kuwa na mfuko unaooza huku analalamika kidogo tu, pengine amepoteza hamu ya kula au amechanganyikiwa ghafla. Kwa watu hao utulivu wa tumbo usimridhishe yeyote.

Hata hivyo vidole peke yake havitoshi. Miongozo ya Tokyo, ambayo madaktari huifuata kuutambua na kuutibu ugonjwa huu, iliyotolewa mwaka 2007 na kurekebishwa 2013 na 2018, inadai mambo matatu yakutane kabla ugonjwa haujathibitishwa: dalili pale pale tumboni (kama hiyo ya Murphy), dalili za mwili mzima (homa, chembe nyeupe za damu kupanda, au CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, kuwa juu), na picha inayoonyesha mfuko uliovimba. Kwenye ultrasaundi mpimaji hutafuta ukuta wa mfuko ulionenepa kupita milimita 3 au 4, mfuko uliotanuka, majimaji yaliyouzunguka, na jiwe lisilosogea. Bila shaka alikwambia ugeuke ulalie ubavu. Jiwe huru huviringika kufuata mwili unavyogeuka, na lililonasa hubaki shingoni. Eksirei ya kawaida huyakosa mawe mengi ya nyongo, kwa hiyo eksirei safi si ushahidi kwamba hayapo.

Tafuta karatasi zako za damu uangalie mstari wa bilirubini, ile rangi ya njano iliyomo kwenye nyongo. Ukiwa juu sana, au macho yako yalikuwa ya njano, huenda kuna jiwe jingine lililotoka mfukoni likashukia mrija mkuu wa nyongo. Hilo lina utaratibu wake: picha ya MRI ya mirija, kisha mara nyingi kuliondoa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ama kabla ya upasuaji ama wakati huohuo. Kama hukuelezwa lolote juu ya bilirubini, uliza kabla ya siku yenyewe. Huenda pia ulipimwa umeme wa moyo na vimeng'enya vya kongosho ukashangaa vinahusianaje na mawe. Mshtuko wa moyo na kuvimba kwa kongosho vyote vinaweza kuanzia kwenye chembe, na daktari aliyevitazama alikutendea haki.

Sasa nije kwenye swali la mumeo, ambalo ni la haki. Ikiwa antibiotiki zimemponya mke wangu, anakatwa nini?

Kuvimba huku hakuanzi na vijidudu. Kunaanza na kuzibwa. Nyongo iliyokwama inazidi kuwa nzito na inaunguza ukuta wa mfuko, shinikizo linapanda, ukuta unajaa maji, mishipa midogo ya damu inabanwa. Vijidudu vya utumboni huingia baadaye, vikikuta mahali pamekwishadhoofika. Antibiotiki zinashughulika na hao waliokuja nyuma. Dripu, kuacha kula kwa muda na dawa za maumivu zinaupa mfuko nafasi ya kupumzika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa jiwe. Huko Ontario, Kanada, watafiti waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 10,000 waliolazwa kwa ugonjwa huu wakaruhusiwa bila kupasuliwa. Kufikia wiki ya 12, takriban 19 kati ya kila 100 walikuwa wamerudi na tatizo la mawe, na kufikia mwaka mmoja 29. Baadhi yao walirudi na mrija mkuu ulioziba au kongosho lililovimba, na kongosho likivimba linaweza kuua. Mweleze mumeo kwamba hukatwi kwa ajili ya maumivu yaliyopita. Kinachoogopwa ni hayo ambayo hayajafika.

Huenda akauliza pia kwa nini hukupasuliwa palepale. Nami natamani ungepasuliwa. Utafiti ulioongozwa na madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2013, uligawa wagonjwa zaidi ya 600: wengine wakapasuliwa ndani ya saa 24 za kulazwa, wengine wakapewa antibiotiki kwanza na kupasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45. Waliopata madhara kundi la kwanza walikuwa karibu 12 kwa 100. Kundi la pili zaidi ya 34. Miongozo ya Uingereza inataka mfuko utolewe ndani ya wiki moja tangu ugonjwa ujulikane, na madaktari wengi hupendelea siku tatu za mwanzo. Lakini chumba cha upasuaji kina foleni, wapasuaji wazoefu hawapo kila usiku, na mgonjwa mwingine huletwa akiwa amechelewa. Sijui kwako ilikuwa lipi, na hutafaidika kulipigania sasa. La muhimu ni kwamba zikishapita siku kumi hivi, nyama zinazozunguka mfuko zinagandamana na kuwa ngumu, na kupasua katikati ya hali hiyo ni hatari zaidi. Ndiyo maana umeambiwa wiki sita. Usiombe tarehe ivutwe mbele kwa hofu, wala isisogezwe nyuma kwa sababu unajisikia vizuri.

Shoga yako anakutakia mema, lakini nakuomba usinywe ile dawa. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha barua ya madaktari waliopeleka maabara "mawe" ya kijani ya mwanamke aliyefanya hivyohivyo. Hayakuwa na kolesteroli, wala bilirubini, wala kalsiamu, yaani vitu ambavyo mawe ya nyongo hutengenezwa navyo. Yalikuwa asidi za mafuta, na yakipashwa moto kidogo yanayeyuka kuwa mafuta ya kijani. Mafuta ya zeituni yakikutana na maji ya limau na majimaji ya utumboni hugeuka vidonge laini vya sabuni, na hivyo ndivyo alivyoviona chooni. Mawe yake halisi, kama anayo, bado anayo. Kwako wewe kuna hatari ya ziada: mafuta mengi kwa mpigo huuamuru mfuko ujikamue kwa nguvu zake zote, na wako una jiwe lililokwishajua njia ya shingoni.

Wengine watakwambia unywe maji mengi mawe yatoke. Hao wanachanganya na mawe ya figo, ambayo hutoka na mkojo. Dawa ya hospitali ya kuyeyusha ipo kweli, inaitwa asidi ya ursodeoksikoliki, ila huwafaa wachache wenye mawe madogo ya kolesteroli na mfuko unaofanya kazi, humezwa kwa miezi mingi, na karibu nusu ya waliofanikiwa mawe huwarudia ndani ya miaka mitano. Kwa mfuko uliokwishavimba haina nafasi.

Kuhusu kuishi bila mfuko, hapo sina wasiwasi nawe hata kidogo. Mfuko wa nyongo wa kwanza ulitolewa Berlin mwaka 1882 na Carl Langenbuch, kwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka miaka mingi, na akapona. Ini litaendelea kutengeneza nyongo kama zamani. Itakuwa tu inatiririka moja kwa moja utumboni badala ya kusubiri ghalani. Wiki za mwanzo choo kinaweza kuwa laini, na kwa wachache hali hiyo huendelea kwa muda mrefu na inatibika. Utakula chakula cha nyumbani kwako.

Upasuaji wenyewe siku hizi hufanywa kwa matundu madogo, mara nyingi manne. Erich Mühe, Mjerumani, ndiye aliyetoa mfuko kwa njia hiyo mara ya kwanza, mwaka 1985. Unalazwa usingizi kabisa, tumbo linajazwa hewa ya kabonidioksaidi ili kamera ipate nafasi, mfuko unatolewa kwenye tundu mojawapo. Usishangae ukiamka bega linauma kuliko tumbo: ni hiyo hewa inayosumbua kiwambo, nayo huisha kwa siku moja mbili. Hatari anayoihofia kila mpasuaji ni kuukata mrija mkuu wa nyongo badala ya mrija mdogo wa mfuko. Hutokea kwa wagonjwa watatu hadi watano hivi kati ya 1,000, na marekebisho yake ni mazito. Kwa hiyo akikuta nyama zimegandamana asione vizuri, anaweza kufungua tumbo kwa mkato mrefu, au kuacha kipande kidogo cha shingo ya mfuko. Ukiamka ukakuta mkato mkubwa kuliko ulivyotarajia, elewa kwamba huenda umechaguliwa usalama wako. Mwulize mapema hayo yote. Mpasuaji mzuri hachukii maswali.

Kati ya leo na siku hiyo, punguza mafuta kwenye chakula, ila usijinyime kula ili upungue haraka. Kupungua uzito kwa kasi kwenyewe hutengeneza mawe. Maumivu madogo yakija, meza dawa ya maumivu aliyokuandikia daktari, haitaficha ugonjwa. Lakini yakizidi saa chache, au ukapata homa na kutetemeka, au macho yakawa ya njano na mkojo ukakolea huku choo kikipauka, au maumivu yakapenya mgongoni na kutapika kusikokoma, nenda hospitali usiku huohuo, usile kitu njiani, na beba karatasi zako. Usimngoje daktari wa miadi.

Mdogo wako mwambie apumue. Mawe yasiyouma hayakatwi. Watu wengi sana wanaishi nayo hadi uzeeni, na kati ya 100 wenye mawe kimya, ni mmoja hadi wanne tu kwa mwaka ambao huanza kuumwa. Wapo wa kutazamwa kwa makini zaidi: mwenye jiwe linalozidi sentimita 3, ambaye ukuta wa mfuko wake umeota chokaa au una kinyama kinachozidi sentimita 1, na mwenye selimundu, ambaye damu yake inayovunjika mapema hutengeneza mawe hata utotoni. Kama hayumo humo, ajue tu maumivu ya mawe yanavyokuja, na siku yakija aseme mapema kwamba ana mawe ili asipewe dawa za vidonda. Akipata ujauzito amweleze mkunga tangu mahudhurio ya kwanza, maana mimba huamsha mawe yaliyolala. Na ikibidi, upasuaji wa matundu hufanyika hata kwa mjamzito.

Wewe, siku ukiruhusiwa, uliza kama mfuko wako umepelekwa maabara kuchunguzwa na majibu yatatoka lini. Mara chache sana saratani hukutwa humo bila mtu kuitarajia. Rudi uyachukue majibu hayo mwenyewe, hata kama kidonda kimepona na hujisikii lolote.